Kigelegele Kwenye Nyumba Iliyofungwa

Jirani yangu alikufa Jumanne alfajiri, na Jumatano saa tisa mchana akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa uani kwake, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, maiti yake imelazwa chumba cha ndani, jeneza bado liko kwa seremala. Kigelegele hakikutoka kwenye chumba cha maiti. Kilitoka nyumbani kwangu, na nyumba yangu nilikuwa nimeipiga kufuli kwa mkono wangu, ufunguo nimeufundika kwenye pindo la kitenge.

Nitaeleza ilivyokuwa. Shule niliishia darasa la nne, huko Mwazye nilikozaliwa, kwa hiyo sina maneno ya kuzungushia jambo. Na walioeleza habari hii mtaani kabla yangu wameieleza vibaya.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio. Wakati ananioa, mji huu wa Sumbawanga ulikuwa mdogo, upepo wa uwandani unapita katikati yake unavyotaka, na yeye alikuwa na meza pembeni ya soko. Redio zililetwa kutoka Kasanga, zimeingia maji ya ziwa, zinanuka dagaa. Nyingine zilitoka vijijini, ukizifungua wanatoka mende na unga wa ulezi. Alizitengeneza zote, lakini nyimbo zenyewe hakuzijali. Alichokipenda ni ile kelele iliyopo katikati ya stesheni na stesheni, ule mluzi unaopanda na kushuka ukizungusha kirungu cha kutafutia stesheni polepole. Wenzake walikuwa wanaipita haraka kutafuta taarifa ya habari. Yeye alikuwa anasimama hapo hapo kwenye mluzi, ameinamisha kichwa, kama mtu anayeongea na wakwe.

Babu yake alikuwa katika wale Wafipa waliojenga matanuru marefu ya udongo na kuyeyusha chuma. Mume wangu alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Alisema babu yake alitoa chuma kwenye mawe, na yeye anatoa sauti kwenye chuma. Kutoka kwenye redio mbovu alitengeneza sanduku la mbao lenye virungu vitatu na spika moja, likawa linalia lenyewe. Halikuwa na stesheni ndani. Ukizungusha kirungu cha kwanza linalia kama nyuki, cha pili kama mtoto mwenye homa, cha tatu sijui nilifananishe na nini, meno yalikuwa yanauma.

Baadaye padri mmoja mzee, akirudi kwao kufia huko, alimwachia tepu rekoda ya zamani, ile yenye magurudumu mawili na utepe wa kahawia. Hapo ndipo nilipompoteza mume wangu, ingawa aliendelea kulala kitandani kwangu. Alirekodi kila kitu. Alirekodi kinu, nyundo za wahunzi, mbuzi anayechinjwa, mimi nikigomba. Kisha alichukua wembe, akakata kipande cha utepe cha urefu wa mkono, akaunganisha ncha zake kwa gundi ya karatasi, ukawa pete. Pete hiyo aliipitisha kwenye mashine, akaizungusha kwenye chupa ya soda iliyosimama mezani ili ikae imekazika, na sauti ile ile ikawa inazunguka bila kuisha, mpaka uchoke wewe. Chini yake anaweka lile sanduku linalolia. Aliuita huo muziki. Nilimwambia muziki una mahali pa kuchezea, huu mtu atacheza wapi. Alinijibu nisubiri.

Sikusubiri sana. Siku moja ya soko aliwasha mashine mezani kwake, watu wakajaa. Walicheka, wakaogopa, wakacheka tena. Saa kumi mvua ikaja, radi ikapiga ng'ombe watatu wa mtu mmoja wa upande wa pili wa mji. Nyinyi mnaosoma hii mkiwa mbali mtasema ni radi. Hapa kwetu radi ina mwenyewe aliyeituma. Wazee wakaja nyumbani, wamekaa, wamekataa hata uji. Wakamuuliza ile sauti aliyokuwa anaipiga sokoni ilikuwa inamwita nani. Alieleza habari za transista mpaka jasho likamtoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kunyamaza. Mimi nilimkatiza. Nilipiga magoti, nikapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa, nikasema mashine itafungwa na haitasikika tena. Waliondoka bila kuaga. Nilikuwa na sababu. Nikiwa mtoto Mwazye niliwaona kamchape, watu wanaozunguka vijijini kusaka wachawi, wakimtoa bibi yangu nje mchana kweupe, wakamchanja usoni mbele ya wajukuu wake na kumwambia atoe pembe ya uchawi. Hakuwa na pembe. Tangu siku ile alikula peke yake mpaka alipokufa.

Basi mume wangu akaifunga mashine kwenye gunia, ikakaa juu ya dari miaka yote. Alikufa kwa kifua, na mashine ikabaki juu yangu, kichwani kwangu nikilala.

Aliyeishusha ni mjukuu wangu. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa pili, nimemlea mimi, na sioni haya kusema kwamba hakuna kichwa kama chake mtaa wetu wote wa Katandala. Amesoma ufundi wa umeme Mbeya, akarudi na kompyuta na sabufa kubwa kama banda la kuku. Anatengeneza muziki usio na mwimbaji. Anachukua mlio, anaukata, anaupanga, anaweka kishindo chini. Siku ya kwanza nilipomsikia nilikaa chini. Nilimwambia, huo ni wa babu yako.

Akaniuliza babu gani. Nikamwonyesha dari.

Alifungua gunia. Alishika zile pete za utepe kama mtu anayeshika mayai. Kisha jioni nzima alinisomesha mimi, mzee mzima. Akasema, bibi, huko Ufaransa kuna mtu alirekodi treni, akaukata mlio wake, akaupanga upya, leo wanamwita mwanzilishi. Misri kuna mwingine, hata kabla ya hapo, alibeba mashine akarekodi wanawake wakipunga mashetani, akaichakata ile sauti mpaka maneno yakapotea, ikabaki mlio mtupu. Uingereza wapo akina mama waliokaa na wembe na utepe, kazi yao ni hiyo tu, na majina yao hayakuandikwa kwa muda mrefu. Nikamuuliza, na babu yako? Akasema, babu alikuwa mmoja wao, ila hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakujua.

Nikavimba. Ndiyo, nilivimba kichwa. Miaka yote nilikuwa na mume aliyefungiwa kama mwizi, na sasa naambiwa alikuwa mwanzilishi. Akaniomba ruhusa aitengeneze mashine. Kitu ndani yangu kilisema hapana, nikakisikia vizuri kabisa, na mdomo ukasema tengeneza.

Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika. Alikata mwingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ukakaa. Akaiunganisha na sabufa. Mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: ikiwashwa ilianza polepole, inanguruma kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, kisha mlio unapanda, unapanda, mpaka unafika sauti yake.

Jirani yangu ndiye wa kwanza kuja. Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta tangu yeye bibi harusi na mimi nina mtoto mgongoni. Alikuwa anapika pombe ya ulezi, mikono yake ilikuwa na harufu ya kimea hata Jumapili kanisani. Enzi za ujana alikuwa maarufu kwa kigelegele. Harusi isiyo na kigelegele chake watu walisema haijafungwa sawasawa. Uzeeni meno yakamtoka, presha ikampanda, akaacha. Siku hiyo alisimama kwenye ua wa mabua, hakuingia.

"Nyumba yako inanguruma," akasema. "Umemfungia nani humo?"

"Nimemfungia mume wangu," nikamjibu.

"Mimi sitanii. Wazee walishasema kitu hicho kisisikike. Nina presha, silali."

"Ziba masikio. Ukishakufa hutasikia kitu."

Ndivyo nilivyosema. Watu wawili walikuwa wanapita, wakasikia. Nina mdomo mbaya, najulikana kwa hilo, na siku nyingine tungecheka. Siku hiyo hakucheka. Aliniangalia, akarudi kwake, na kuanzia hapo tukawa tunasalimiana kwa kichwa tu. Zilipita wiki tatu hivi.

Jumatatu jioni mjukuu wangu akapata pete moja chini kabisa ya gunia. Akaiweka kwenye mashine, ikanguruma, ikapanda, na kilichotoka ni kigelegele. Nilikuwa nachambua maharage, yakaniponyoka. Niliijua sauti ile kabla haijafika juu. Ilikuwa ya jirani yangu, siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza, ana miaka ishirini labda, meno yote yapo. Mume wangu alikuwa amesimama kando na mashine ya padri. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kigelegele kinapanda, kinavunjika, kinaanza tena, kinapanda. Mjukuu wangu alikuwa analia kwa furaha. Alikuwa anagusagusa kompyuta yake, anaongeza kishindo chini. Nikamwambia apunguze, kuna mgonjwa jirani. Kabla hajanyanyua mkono, umeme ukakatika. Mtaa mzima giza. Tukala gizani, tukalala.

Alfajiri tukasikia vilio upande wa pili wa ukuta.

Hapa nieleze kosa letu, maana ndilo lililotaka kutuua. Mashine za sasa umeme ukikatika zinazimika na hazijiwashi. Ile ya padri ina kitufe kikubwa kama jino. Ukikibonyeza kinazama, na kinabaki kimezama mpaka mtu akinyanyue kwa kidole. Umeme ukatike, urudi, chenyewe kipo chini vile vile. Na sabufa nayo swichi yake ilibaki imewashwa. Sisi, kwa vilio vile, tulijifunga vitenge, tukafunga mlango, tukaenda msibani. Nani angekumbuka kitufe? Jumanne nzima hakuna umeme. Jumatano asubuhi hakuna umeme.

Kwetu jirani akifiwa, mtaa unazima redio. Hakuna anayeambiwa, watu wanajua. Hata vijana wa bodaboda wakikaribia pale walizima spika zao. Kwa hiyo Jumatano saa tisa palikuwa kimya. Wanaume wako nje kwenye moto, wanawake uani na ndani, wasichana nyuma wanamenya viazi, mjukuu wangu yuko nao. Nilikuwa nimeshaanza kuona jinsi watu wanavyokaa nikiwa mkekani. Walikuwa wanaacha nafasi. Haikuwa kubwa, mtu mmoja angeweza kukaa hapo, lakini hakuna aliyekaa.

Balbu ya barazani ikawaka. Nikaiona ikiwaka na sikuelewa.

Kisha ukaanza mngurumo. Wanawake wakageuza vichwa kwenye ua wangu. Mngurumo ukapanda, ukapanda, ukawa kigelegele, sabufa nzima, sauti ya msichana mwenye furaha, ikamwagika juu ya msiba. Kikavunjika. Kikaanza tena.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wenye umri wangu walikuwa wanatazamana. Walijua ni nani. Mmoja wao, ambaye tumepokea komunyo pamoja kanisani tangu usichana, alivuta kitenge chake kilichokuwa kimegusa goti langu, akakikalia. Kule nje niliona wanaume wamesimama, na vijana watatu tayari wameinama, wanaokota mawe.

Mjukuu wangu alitokea upande wa viazi, kisu mkononi, uso umekuwa kama majivu, anataka kukimbilia nyumbani kuzima. Nikamshika mkono.

"Weka kisu chini," nikamwambia. "Tembea. Ukikimbia tumekwisha."

Sasa palikuwa na mtani. Mama mmoja Mnyamwezi, mtu wa Tabora, aliyezeekea hapa, na watani msibani wana ruhusa zao. Alikuwa amevaa gauni la marehemu na viatu vyake, tangu asubuhi anapita anaomba pombe na kumtukana maiti kwamba amekufa kukwepa kumpikia. Yeye peke yake hakuogopa, au alificha. Alikwenda mpaka dirisha la chumba cha maiti, akasukuma pazia, akachungulia.

"Bado amelala," akatangaza. "Mvivu huyu. Sauti kaitanguliza, mwili kauacha sisi tubebe."

Wawili watatu wakacheka, cheko la woga. Lakini lilitosha. Vijana walinyanyuka na mawe yao, ila hawakurusha, maana mtu hawezi kurusha jiwe wakati mtani anasema. Ndani ya nafasi hiyo ndogo nilitoka mkekani, nikaenda mpaka kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Huyu ni mwanamume mzima, anauza mbao, mkimya. Nilimbeba mgongoni huyo akiwa mdogo. Nilipiga magoti mbele yake, nikapiga makofi mara tatu. Mimi kumpigia yeye magoti, mtaa mzima unaona. Nikamwambia, mwanangu, ile ni mashine ya marehemu mume wangu, ufunguo huu hapa, ingia mwenyewe.

Mmoja wa vijana akasema wasiingie, waichome nyumba na kilichomo. Mwingine akanikumbusha kwa sauti yale niliyosema uani, neno kwa neno, kwamba akishakufa hatasikia kitu. Kigelegele kilikuwa bado kinazunguka. Mtoto wa marehemu aliuchukua ufunguo.

Tuliingia watatu, yeye, mimi na mjukuu wangu. Chumbani sauti ilikuwa kubwa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Alisimama akaangalia ule utepe unavyozunguka chupa ya soda, unaingia, unatoka, unaingia. Mjukuu wangu alitaka kukinyanyua kitufe, nikamzuia. Nilimshika yule mwanamume mkono, nikakiweka kidole chake juu ya utepe. Sauti ikazama, ikafa. Akatoa kidole. Mama yake akapiga kigelegele. Akaweka tena. Akatoa. Alifanya hivyo mara nne au tano.

"Hapa alikuwa na umri gani?" akauliza.

Nikamwambia, wewe ulikuwa bado hujazaliwa.

Akanyanyua kitufe mwenyewe. Kimya kikarudi, na nje pia kimya, watu wanasikiliza. Akakaa kwenye kigoda changu. Akamuuliza mjukuu wangu kama Jumatatu jioni pia ilipigwa. Mtoto huyu sikumfundisha kusema uongo, na siku hiyo nilijuta. Akasema ndiyo, mpaka umeme ulipokatika.

"Jumatatu jioni," akasema yule mwanamume polepole, "mama aliinuka kitandani. Alikuwa hajainuka siku mbili. Akasimama mlangoni, akaniuliza, nani ananiita?"

Alikuwa na presha, daktari alishasema, moyo ulikuwa umechoka. Lakini mtu aliyelala siku mbili aliinuka akaja mlangoni kwa sababu alijisikia mwenyewe anaita, na kulipokucha hayupo. Mimi mwenyewe nikiwa nje na lile jiwe mkononi ningefikiri nini?

Yule mwanamume alitaka utepe. Alisema utakwenda na mama yake, ndani ya jeneza, na hilo ndilo neno lake. Mjukuu wangu akaanza kueleza kwamba ni pete moja tu, hakuna nyingine duniani, kwamba babu yake alikuwa wa kwanza, kwamba vitu kama hivi huko kwingine vinawekwa kwenye majumba ya kumbukumbu. Mwanamume alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi.

Nilichukua wembe wa mume wangu kwenye kopo lake, nikakata. Hakuna aliyenilazimisha, na nisiseme sikuumia, maana niliona kama nimemkata mume wangu. Utepe ukalegea kwenye chupa. Niliuviringa, nikampa.

Alitoka nao ameunyanyua juu watu wauone. Aliwaambia ni mashine, ameishika kwa mkono wake, ni sauti iliyokamatwa zamani, na sasa anairudishia mwenyewe. Kuhusu mama yake kuinuka na kuuliza nani anamwita, hakusema neno. Angesema, nisingekuwa hapa. Vijana walitupa mawe, si yote. Jeneza lilipofika, utepe uliwekwa chini ya mkono wa kulia wa marehemu, juu ya rozari, na yule mtani akamwambia maiti asije akaanza kelele zake huko anakokwenda, atafukuzwa.

Tulimzika Alhamisi. Nilitupa udongo kama wengine. Nafasi pembeni yangu ilikuwapo hata makaburini.

Nikafikiri imekwisha. Siku ya tisa, tumetoka kusali msibani, mjukuu wangu alikaa jikoni anachezea vijiti vya kuni. Nikamwambia atoe alicho nacho. Akasema, bibi, ninacho. Kitu gani? Kigelegele. Jumatatu ile, kabla umeme haujakatika, alikuwa ameshakiingiza kwenye kompyuta. Nikamwambia akifute, sasa hivi, mbele yangu. Alikifuta, akanionyesha mahali kilipokuwa, pako tupu. Lakini bado hakuniangalia usoni.

"Nilikuwa nimeshakituma," akasema.

"Kwa nani?"

"Jumatatu usiku, kwa simu. Kwa wenzangu wanaotengeneza muziki. Mbeya, Dar, mmoja yuko Kampala. Niliwaambia ni kazi ya babu."

"Wafute."

"Nimewaambia. Wengine walikuwa wameshakitumia. Wameweka ngoma, wamewatumia wengine. Bibi, kitu kikishatoka hivyo hakirudi."

Nilimpiga kofi. Ni mara ya kwanza na ya mwisho, na amekuwa mtu mzima. Kisha nikamwuliza kama watu wanakipenda. Akasema wanakipenda sana. Sema unachotaka kunihusu, lakini nilipoambiwa hivyo moyo wangu ulicheza.

Sikulala na jambo hilo siku nyingi. Niliona ni afadhali yule mwanamume alisikie kwenye mdomo wangu kuliko kwenye spika ya mtu barabarani. Nilimfuata kwenye mbao zake asubuhi. Sikumpigia magoti safari hii. Nilimweleza kwamba utepe uko kaburini kweli, sikumdanganya, ila sauti ilikuwa imeshatoka kabla ya mama yake kufa, na sasa iko kwa watu nisiowajua, ina ngoma chini yake, na wanaicheza.

Aliendelea kupima ubao aliokuwa anaupima. Aliweka alama kwa penseli. Aliniuliza kama inaweza kufika hapa.

"Inaweza," nikamwambia.

"Wadogo zangu hawajui kwamba mama aliinuka," akasema. "Mke wangu anajua. Alikuwepo." Akaipachika penseli sikioni. "Siku ikilia hapa mtaani, mama, mimi nitawaambia tena ni mashine. Lakini wataniuliza niliweka nini kwenye jeneza. Mara ya pili sitaweza kuwazuia."

Nikamwambia najua. Akaniuliza kwa nini nisirudi Mwazye kwa kaka zangu, hata kwa mwaka. Nikamwambia sijaua mtu, sihami. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ubao wake.

Mjukuu wangu nimempeleka Mbeya na kompyuta yake, aendelee na kazi, ila asije hapa. Tepu rekoda amekwenda nayo. Mimi nipo. Vijana wa bodaboda siku hizi wamefunga spika chini ya viti, wanapita hapa Katandala kutwa nzima, kila mmoja na muziki wake, na wengi ni huu wa kompyuta. Nikisikia kishindo kinakaribia kutoka njia panda naacha ninachofanya. Nasikiliza kama kuna kitu juu yake. Pikipiki inapita na wimbo mwingine, naendelea kupepeta. Kisha inakuja nyingine.